Hawatakumbuka

Chini ya kitanda changu kuna daftari la kurasa 200 lenye majina 143. Kila jina lina nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na kazi ambayo mwenyewe aliitaka: mjengo, usafi, ulinzi, upishi, "yoyote". Neno "yoyote" ndilo lililorudiwa zaidi. Mwandiko ni wangu. Niliyaandika mwanzoni mwa 2013, nikiwa na miaka 22, nimevaa tisheti ya mgombea aliyekuwa akitafuta kiti upande wetu wa Kibra. Kiti gani, sitasema, maana utamjua. Alishinda. Wiki chache baada ya kuapishwa, simu yake ikaanza kupokewa na mtu mwingine, na baadaye haikupokewa kabisa.

Mimi nilibaki na daftari, na nilibaki mtaani. Hilo la pili ndilo gumu. Mheshimiwa anaweza kuhama. Kijana aliyekuwa akiandika majina hukutana na majina hayo kwenye foleni ya maji, kwa kinyozi, matangani. Mwaka wa kwanza waliniuliza kila wiki. Mwaka wa pili wakawa wananiuliza huku wakicheka. Kuanzia mwaka wa tatu alibaki mama mmoja tu wa plot yetu, anayeuza githeri karibu na reli, akiendelea kuuliza kwa uso mkavu: "Kijana, ile kitabu bado unayo?" Namjibu ninayo. "Sawa," anasema, kisha ananipimia githeri.

Swali langu ni rahisi kuuliza. Deni lile ni la nani? Ni lake yeye aliyesimama juu ya gari na kipaza sauti akasema kila atakayejiandikisha atapata kazi? Ni langu, kwa sababu mkono ulioandika ni huu? Au si deni kabisa, ni maneno ya msimu, kama mvua ya kiangazi ambayo mwenye akili haipandii mahindi?

Nadhani kila aliyepitia shule za Kenya amewahi kuandika insha ya kuthibitisha kwamba ahadi ni deni. Mimi nilipata 32 kwa 40. Lakini tukiwa darasani hakuna aliyetuuliza deni lenyewe ni kitu gani. Nenda kwa duka lolote la mtaani uangalie daftari la mkopo. Kuna jina, kuna kitu kilichochukuliwa, kuna bei, kuna siku. Mama fulani, unga pakiti mbili, Jumanne. Na la muhimu kuliko yote, daftari liko mkononi mwa anayedai. Mwenye duka haachii mteja akae na kitabu cha madeni nyumbani kwake.

Sasa tazama langu. Waliojiandikisha ndio wadai, lakini daftari tulikaa nalo sisi upande wa mdaiwa. Hawakupewa hata karatasi. Bei haikuandikwa, siku haikutajwa. Kazi ngapi? Za mshahara gani? Kuanzia lini? Ahadi ya kampeni inachukua heshima ya deni, lile neno zito linalomfanya mtu ajione ana chake mahali, halafu inaacha kila kitu kinachofanya deni lidaike. Sidhani hili hutokea kwa bahati mbaya. Lakini pia sidhani mgombea hukaa chini akalipanga. Ni desturi tu tuliyoikuta.

Tena tuliikuta hapa hapa. Kibra haikuwa eneo bunge kabla ya uchaguzi wa 2013. Ilikuwa ndani ya Lang'ata, kiti ambacho historia yake husimuliwa kama historia ya mtu mmoja, Raila Odinga, aliyekikalia kutoka 1992 hadi 2013. Nitamfikia. Lakini kwa swali langu, mwaka mkubwa wa Lang'ata ni 1974.

Mwaka huo kiti kilichukuliwa na Mwangi Mathai. Alikuwa amewahi kugombea ubunge 1969 akashindwa. Safari hii alizunguka na mkewe, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na alipokuwa akiomba kura aliwaahidi watu kazi. Kenya ya wakati huo ilikuwa na vijana wengi waliokuwa wakitafuta kazi mjini, na Lang'ata ilikuwa kama ilivyo leo: huku majumba yenye nyasi zilizokatwa vizuri, huku vibanda. Akashinda. Mkewe akamuuliza tutafanya nini na wale watu tuliowaahidi kazi. Jibu alilopata, kwa jinsi alivyolisimulia mwenyewe katika kitabu chake Unbowed kilichotoka 2006, ni kwamba asijali, kampeni imekwisha, watu hawatakumbuka.

Mkewe huyo ni Wangari Maathai. Dunia inamjua kwa miti, na wengi wetu tunadhani hadithi ya miti ilianzia kwenye mito iliyokauka na mashamba yaliyomomonyoka. Ni kweli, ilianzia huko pia. Lakini mzizi wake mmoja uko kwenye ahadi ya kampeni ya Lang'ata ambayo si yeye aliyeitoa. Hakuweza kulala nayo. Akaanzisha biashara, akaiita Envirocare, wazo likiwa kuwaajiri watu wa upande wa vibanda watunze bustani na kupanda miti upande wa majumba. Kwa maneno mengine, alitaka kulifanya eneo bunge lijilipe lenyewe. Alipata nafasi ya kuotesha miche msitu wa Karura.

Haikusimama. Matajiri hawakuwa tayari kulipa kabla ya kazi, na maskini hawakuwa na nauli ya kufika kazini kabla ya kulipwa. Nimesoma mahali hapo mara nyingi, na kila mara nacheka kwa uchungu, maana uchumi mzima wa Nairobi umo humo. Wazo lenyewe halikufa. Alilipeleka Baraza la Kitaifa la Wanawake, na tarehe 5 Juni 1977 wakapanda miti saba Kamukunji. Hapo ndipo pakatoka Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, wanawake vijijini wakilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Ni rahisi kulifanya hili hadithi tamu: mume alisahau, mke akakumbuka, nchi ikawa kijani. Mimi linanisumbua. Wale watu wa Lang'ata walioahidiwa kazi 1974, walilipwa? Miti ilipandwa Nyeri, ikapandwa Murang'a, wakalipwa wanawake ambao hawakuwahi kumpigia Mwangi Mathai kura. Kama unanidai mbuzi, halafu ukasikia nimemchinja kwa jirani na kijiji kizima kimekula na kusifu, utasema nimekulipa? Utafurahi, pengine. Lakini ukija asubuhi bado utaniuliza mbuzi wangu yuko wapi.

Tena nia yake haikuwa safi kama maji ya dripu. Mwenyewe hakuficha kwamba aliogopa: watu wakikumbuka, hawatampa mumewe kura tena. Kuna wanaosema basi hilo si wema, ni hesabu. Mimi siwaungi mkono. Mtu anayelipa deni kwa kuogopa aibu amelipa deni. Wangari alifanya jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha suala hili: alikataa kutegemea usahaulifu wa anayedai. Maana neno "hawatakumbuka" ni kosa la pili juu ya lile la kwanza. La kwanza ni kuahidi usichoweza. La pili ni kumtazama mtu maskini, mwenye mambo mengi ya kuhangaikia, ukatumia mahangaiko yake kama kifutio.

Hapa najua utanisimamisha. Utaniambia, bana, hakuna aliyedanganywa. Kila mtu anajua kampeni ni kampeni. Wapiga kura wenyewe wanakula kwa huyu, wanakula kwa yule, wanavaa kofia ya chama hiki na leso ya chama kile, halafu wanampigia wanayemtaka. Ni mchezo, na wachezaji wote wanajua sheria.

Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, na nusu yake ni kweli. Pesa za mia mia zilipogawanywa mwaka ule nilizigawa kwa mkono huu, na sikuona mtu aliyezichukua kwa imani. Lakini foleni ya daftari haikuwa kama foleni ya mia mia. Watu walikuja na vitambulisho vyao vimefungwa kwenye karatasi ya nailoni visilowe. Walinisimamia begani kuhakikisha nimeandika nambari sawasawa. Mzee mmoja alirudi kesho yake kuniambia amekumbuka kwamba anajua pia kuchomelea vyuma, niongeze. Huyo alikuwa anacheza mchezo? Nadhani hakuamini wala hakukosa kuamini. Kuandikisha jina hakugharimu kitu, na kutoandikisha kungeweza kumgharimu kazi. Mtu asiye na kitu hana uwezo wa kupuuza ahadi, hata ya uongo. Ndiyo maana siikubali hoja ya mchezo: mmoja wa wachezaji hana ruhusa ya kutoka uwanjani.

Hoja ya pili ni ya wanasheria. Kazi ya mbunge, kwa kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010, ni kuwawakilisha watu, kutunga sheria, kugawa mapato ya taifa na kusimamia serikali. Kuajiri watu haimo. Kwa hiyo aliyeahidi kazi aliahidi kitu kisicho chake, na ahadi ya kitu kisicho chako ni batili. Sawa. Lakini nikikuuzia ng'ombe wa jirani, mauzo ni batili na bado pesa zako ninazo. Kura zilishapokewa. Hakuna mbunge niliyemsikia akisema kwa kuwa ahadi zangu zilikuwa batili, narudisha kiti. Na tangu 2003, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ile CDF, ilipoanzishwa, hoja hii imezidi kulegea. Mbunge sasa ana mfuko anaoweza kuunyooshea kidole, na bursari inaweza kuonekana kama zawadi yake, ilhali ni kodi ya yule anayeipigia magoti.

Ajabu ni kwamba sheria ya Kenya inajua sana kukasirikia ahadi iliyovunjwa, ila ni ya aina moja tu. Mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU kuingia KPU, Bunge lilibadilisha Katiba upesi: anayehama chama kilichompa kiti arudi kwa wapiga kura. Chaguzi ndogo 29 zikafanywa mwaka huo, KPU ikapata viti 9. Miaka thelathini baadaye kanuni hiyo ikamfikia mwanawe hapa Lang'ata. Raila alikuwa ameingia Bungeni 1992 kwa tiketi ya Ford-Kenya, akimtoa Philip Leakey, Mkenya mzungu aliyekuwa na kiti tangu 1979. Alipohamia NDP alijiuzulu, akarudi kwa watu wale wale mwanzoni mwa 1997, wakamrudisha. Lang'ata iliulizwa mara mbili mwaka huo, kwenye uchaguzi mdogo na kwenye uchaguzi mkuu wa Desemba, na mara zote mbili ikajibu vilevile.

Kuhama chama kuna adhabu, basi. Kuvunja neno ulilowapa watu hakuna. Katiba ya 2010 ilijaribu: kifungu cha 104 kinawapa wapiga kura haki ya kumwita mbunge wao nyumbani kabla ya muhula kuisha. Kisha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ikaeleza kwa sababu gani. Awe amekiuka sura ya sita ya maadili, au ametumia vibaya mali ya umma, au amepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi. Ahadi haimo. Isitoshe vizingiti vilikuwa virefu hivi kwamba Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu hivyo mwaka 2017. Hakuna mbunge hata mmoja aliyekwisha kupoteza kiti kwa njia hiyo. Chama kikiumizwa, sheria huja mbio. Mama wa githeri akiumizwa, anaambiwa asubiri miaka mitano.

Na miaka mitano ina hila yake. Watu husema adhabu ni kura. Lakini kura haisomi daftari. Wangari mwenyewe alipokuja kuwa mbunge, wa Tetu, alichaguliwa 2002 kwa kura nyingi mno, na 2007 hakurudi. Sisemi alikosea au alionewa. Nasema kura hupimwa kwa chama, kwa upepo, kwa ukoo, kwa nani anagombea urais. Lang'ata ya 2007 ulikuwa mfano mzuri: kwa Katiba ya zamani rais alilazimika kuwa mbunge wa kuchaguliwa, kwa hiyo kumpigia Raila kura ya ubunge ilikuwa sehemu ya kumtaka awe rais. Nani angemuuliza habari za kazi za usafi wakati ule? Januari iliyofuata reli iling'olewa hapa kwetu.

Basi kama sheria haidai na kura haidai, nani atadai? Nimelifikiria hili nikiwa mahali ambapo sikutarajia, kwenye mazishi ya jirani Mnubi kule Makina. Kabla ya watu kutawanyika, mtu wa familia alisimama akatangaza: mwenye kumdai marehemu aje kwetu. Watu wa pwani na Waislamu wengine wataniambia si jambo geni. Kwangu liligonga. Hapakuwa na mkataba. Hakuna aliyesema deni limekufa naye. Aliyekula naye chungu kimoja ndiye anayebeba.

Wanubi hao wana somo lingine kuhusu kukumbuka. Waingereza waliwaweka askari wao wa Kisudani hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 ardhi ya Kibra ilikuwa ekari 4,197. Walioambiwa "kaeni hapa" walikufa. Watoto wao wakadai, wajukuu wakadai. Tarehe 2 Juni 2017 jamii ilipewa hatimiliki ya ekari 288, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu. Ekari 288 kati ya 4,197, na wakati wa kampeni. Unaweza kuita hilo malipo au kuliita ahadi nyingine. Lakini hawakusahau, kwa karibu miaka mia moja.

Nikarudi kwenye siasa na kipimo hicho cha mazishi. Kibra ilipopata kiti chake 2013 ilimchagua Ken Okoth, mtoto wa Kibera, aliyejulikana zaidi kwa kupigania shule. Akarudi 2017, akafariki tarehe 26 Julai 2019. Novemba mwaka huo nduguye, Imran, alishinda uchaguzi mdogo kwa kura 24,636 dhidi ya 11,230 za mchezaji mpira McDonald Mariga. Watu walibishana kama kiti cha Bunge ni urithi. Mimi nilikuwa nikijiuliza lingine. Ukiomba kura ili uendeleze kazi ya marehemu, umesimama pia kama yule mtu wa Makina? Umesema wenye kumdai waje kwangu? Sikumbuki mtu akiuliza hivyo. Tulijadili jina, tukaacha daftari. Mwaka 2022 kiti kikaenda kwa mwalimu, Peter Orero, na Lang'ata iliyobaki upande wa pili imebadilisha wabunge watatu tangu Raila aondoke. Kila mmoja anaanza na ukurasa mweupe.

Ndiyo maana sikulichoma langu. Mke wangu amewahi kuniambia nilitupe, linakusanya vumbi na mende. Nimefanya kidogo nilichoweza: watu sita wamepata kazi ya mjengo kupitia fundi ninayemfahamu, mmoja ni askari wa geti Ngong Road. Saba kati ya 143, kwa miaka yote hii. Kumi na mmoja najua wamekufa, nimeweka alama ya msalaba au ya mwezi kando ya majina yao. Siwezi kusema nalipa. Mimi si mbunge, wala sikuwahi kuwa na kazi za kugawa, na pengine kuna kiburi fulani katika kujifanya mdaiwa wa watu wengi hivyo. Lakini nilivaa ile tisheti. Nilikula ule mkate na soda. Nilipoandika jina la mtu huku akinitazama, alikuwa ananiamini mimi, maana mgombea alikuwa juu ya gari na mimi nilikuwa jirani yake.

Juzi mama wa githeri alinisimamisha tena. Nilijua atakachouliza, nikaanza kujibu kabla. Akanikatiza. "Hapana, skiza. Ile laini yangu ilipotea. Sasa nikiitwa wataniitaje?" Nilimtazama nione kama ananicheka. Sikuona. Akanifuata mpaka mlangoni, nikalivuta daftari kutoka chini ya kitanda, tukatafuta jina lake pamoja. Yuko ukurasa wa tisa. Kazi: upishi. Nikakata nambari ya zamani. Akanitajia mpya polepole, tarakimu moja moja, na nilipomaliza akaniambia nimsomee.